Anwani ya Pumzi Moja

Kichwa cha mia moja na kumi na nne siku hiyo kilitoka idara ya maji, na watu wa idara ya maji hawajawahi kuandika kichwa kifupi tangu dunia iumbwe. "Tangazo Muhimu Sana kwa Wakazi Wote wa Mtaa wa Soko na Vitongoji Vyake Kuhusu Kukatika kwa Maji Siku ya Jumanne kwa Ajili ya Matengenezo." Sekela Mwaipopo alikisoma hadi mwisho, akafikicha macho, kisha akatazama anwani ambayo Kichujio kilikuwa kimeshaitengeneza chini yake: tangazo-muhimu-wakazi-wote-mtaa-soko.

"Tangazo la nini, wewe?" akakiuliza.

Kichujio kilikuwa mashine tu. Kazi yake ilikuwa kupokea kichwa cha ukurasa, kushusha herufi kubwa zote ziwe ndogo, kufagia nukta na mikato, kutupa maneno kilichoyaona mepesi, na kuyaunga yaliyobaki kwa vistari. Kazi ya Sekela ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichobaki kina maana kwa binadamu. Akafuta, akaandika upya: maji-kukatika-mtaa-wa-soko-jumanne. Akageukia ukuta wa mbao uliokigawa chumba mara mbili, akaisema anwani yote kwa pumzi moja, bila kusita popote.

Upande wa pili wa mbao alikaa Lugano, msikilizaji wake, kijana wa miaka thelathini na mbili aliyelipwa ili asione ukurasa wowote. Alifikiri kidogo. "Jumanne hakuna maji Mtaa wa Soko," akasema.

"Imepita," Sekela akasema, akabonyeza muhuri.

Ndivyo walivyofanya kazi katika Ofisi ya Anwani ya Kapyela, na ndivyo walivyofanya kwa miaka yote thelathini na mmoja ya Sekela. Wazee walikumbuka zama za anwani zilizojaa namba na alama zisizotamkika, ambazo ukikosea herufi moja tu ulikuwa umeshaangukia kwenye ukurasa wa matapeli. Siku hizi mtu alisimama mbele ya nguzo ya sauti mtaani, akasema anwani inayoeleweka, na ukurasa ukamfungukia pamoja na kila kilichofungwa nao: miadi ya hospitali, kesi, dawa. Sharti lilikuwa moja tu, aiseme kwa pumzi moja. Matapeli walikuwa wamejifunza kushona sauti ya mtu kutoka vipande vya rekodi, lakini pumzi ya mtu aliye hai iliwashinda kuishona. Ukikata katikati, nguzo ilikuhesabu tapeli na kukufungia mpaka kesho yake.

Sekela alikuwa amebakiza siku kumi na mbili astaafu. Mgongo ulikuwa umechoka, macho yamechoka, hata vidole vilikuwa na uchovu wao wa peke yao. Kilichobaki kizima ni mapafu. Kusoma vichwa mia kwa sauti kila siku kulimpa pumzi ambayo wasichana wa kwaya wangeionea wivu, na mdogo wake Tusekile alimtania kwamba akifa, mapafu yake yatachelewa kupata habari. Tusekile alikuwa Kyela, kwenye joto, na alikwisha kumwandalia chumba chenye dirisha linalotazama mikakao. "Njoo uchokee huku," alimwambia kila walipozungumza. Sekela alizihesabu siku zile kumi na mbili jinsi mgonjwa anavyohesabu vidonge vilivyobaki.

Alikuwa anafungua kichwa cha mia moja na kumi na tano pale mlango ulipogongwa.

*

Mwanamume aliyeingia hakusalimu mara moja. Alishika fremu ya mlango, akasimama, akasubiri kifua chake kimruhusu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana ya fundi, mikono yenye makovu madogo ya cheche. Kila mtu Kapyela alikujua kusubiri kule. Waliovuta moshi wa kiwanda cha betri na wakapona, walipona hivyo.

"Habari za kazi, mama," akasema hatimaye. "Naitwa Anyosisye Mwakatobe. Nilikuwa mchomeleaji. Pale kiwandani, kwa Zimeta."

"Karibu ukae. Pole na ngazi." Sekela alichukua chupa ya chai iliyokuwa mezani kwake, chupa ya chuma iliyobonyea ubavuni, akammiminia kikombe. Mgeni yeyote aliyefika na kifua cha namna ile alipewa chai kwanza na maswali baadaye.

"Ndaga, mama," akashukuru. Alikunywa nusu kikombe, akapumzika, akatoa karatasi mfukoni. "Unaikumbuka ajali-ya-moshi-kapyela?"

"Nani asiyeikumbuka? Watu sitini na watatu."

"Sikuulizi moshi," akasema kwa upole. "Nakuuliza anwani."

Akaisukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa nakala kutoka kwenye hifadhi ya ofisi, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Kila anwani ilihifadhiwa pamoja na namba ya mkono ulioipitisha, na hapa namba ilikuwa mia nne kumi na saba. Sekela hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Aliiandika namba hiyo mara mia kwa siku.

Akaifungua kumbukumbu yenyewe kwenye meza yake. Kichwa cha ukurasa kilikuwa hiki: "Ripoti ya Uchunguzi wa Vifo vya Watu Sitini na Watatu Vilivyosababishwa na Moshi wa Kiwanda cha Betri cha Kapyela Baada ya Zimeta Kupuuza Onyo Mara Tatu." Kichujio kilikuwa kimependekeza vifo-watu-sitini-watatu-moshi-kiwanda. Mkono wa mia nne kumi na saba ulikuwa umeifuta, ukaandika ajali-ya-moshi-kapyela, na pembeni ukaongeza maelezo: Fupi, safi, inasemeka.

Alikisoma kichwa kile tena, akitafuta neno ajali. Halikuwamo. Wakati ule mkono uliruhusiwa kutia neno moja la muhtasari kutoka kichwani mwake, na yeye alikuwa ametia lile.

"Sikumbuki," akasema. Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulimtia aibu kuliko uongo ambao angeweza kuutunga. Alijaribu kuirudisha siku ile, akaambulia siku zote kwa pamoja, foleni ya vichwa na sauti yake mwenyewe ikisoma. Labda ilikuwa jioni. Labda alikuwa na njaa.

Alinyoosha mkono kuichukua chupa amwongezee mgeni chai, na alipoiinamisha akakiona kitako chake. Miaka ile ofisi ilikuwa na mashindano. Kila mwezi, aliyetoa anwani fupi na safi kuliko wote alipewa chupa ya chai yenye maandishi chini, na wafanyakazi walikuwa wakiviziana kukata hata silabi moja. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka: Anwani Safi ya Mwezi. Chini yake kulikuwa na mwezi na mwaka. Akatazama karatasi, akatazama chupa; mwezi ulikuwa uleule.

Aliirudisha mezani polepole, bila kumimina.

"Umeona nini?" Anyosisye akauliza.

Alimwonyesha. Hakujua kwa nini alimwonyesha, ila kwamba mtu yule alikuwa ameshakunywa nusu kikombe kutoka humo, na kumficha kungekuwa kumnywesha mara ya pili. Anyosisye alikigeuza kitako cha chupa kwenye mwanga, akakisoma, akaiweka chupa chini.

"Chai yenyewe nzuri," akasema. "Sikuja kukuhukumu, mama. Nimekuja kwa sababu Zimeta wanarudi."

Akaeleza kwa vipande vifupi, akipumzika kila baada ya sentensi. Zimeta walikuwa wameomba kibali cha kukifungua tena kiwanda, palepale, mita mia mbili kutoka shule ya msingi. Maombi yalikuwa kwenye Bodi ya Vibali, na bodi haikusoma kurasa. Hakuna mtu aliyesoma kurasa tena. Mashine ya bodi ilipitia anwani zote zinazotaja eneo husika, na ilipofika Kapyela ilikuta ajali. Ajali haikuwa na mwenyewe, kwa hiyo mashine iliandika kwamba hakuna pingamizi. Ijumaa saa sita mchana kibali kingetoka. Kama anwani ingesema wazi kwamba Zimeta walipuuza onyo, sheria ingeilazimu bodi kusimama na kumwita kila shahidi.

"Na mwenye haki ya kusahihisha ni mkono ulioandika," Sekela akasema. "Ukiwa bado kazini."

"Nimeambiwa unastaafu."

"Siku kumi na mbili."

Alijua vizuri masharti ya kusahihisha, kwani alikuwa kwenye kamati iliyoyaandika. Anwani haikufutwa maneno yake, iliongezwa tu, ili aliyeijua zamani aitambue. Maneno ya kuongeza lazima yatoke kwenye kichwa cha ukurasa. Na mara mpya ilipopigwa muhuri, ya zamani ilikufa papo hapo. Njia za kumchukua mtu kutoka anwani ya zamani hadi mpya zilipigwa marufuku tangu matapeli walipozigeuza mitego.

"Sawa," akasema, akavuta kibodi. Kwa dakika moja aliona ni jambo jepesi, kosa na dawa yake juu ya meza moja. "Leo hii nakufanyia."

"Ngoja kwanza," akasema Anyosisye.

*

Tatizo lilikuwa mvuke. Watu hamsini na wanane walikuwa bado hai kati ya waliovuta ule moshi, na kila asubuhi walikwenda kwenye nguzo iliyo nje ya zahanati, wakasema ajali-ya-moshi-kapyela, na kijidirisha kikafunguka na kuwapa dawa ya mvuke. Dawa ilichanganywa hapohapo na ikaharibika ndani ya dakika chache, hivyo haikuwekeka akiba. Aliyeikosa siku mbili alilala amekaa. Aliyeikosa wiki hakuamka tena.

"Anwani ikirefuka, itabidi tuiseme ndefu. Kila siku," akasema Anyosisye. "Nimezunguka nyumba kwa nyumba miezi miwili. Nimewapima kwa saa. Arobaini na tisa wataweza. Tisa hawawezi."

"Wabeba sauti je?"

Alitikisa kichwa. Sheria ilimruhusu mtu mzima asiye mgonjwa kumsemea mgonjwa mmoja au zaidi, lakini mbeba sauti alifungwa na nguzo ileile moja kila asubuhi. Akikosa siku moja, kiungo kilikatika na kuomba upya kulichukua miezi mitatu. Hiyo nayo ilikuwa kinga dhidi ya matapeli. Kila kitu kibaya katika kazi ya Sekela kilikuwa kinga dhidi ya matapeli. "Wenye watoto, watoto wameondoka. Nani abaki Kapyela? Majirani wananiambia tutaona. Mtu akikuambia tutaona, umeshaona."

Wakajaribu kuifupisha pamoja. Sekela alianza na baada-ya-zimeta-kupuuza-onyo-mara-tatu, akakata mara-tatu, akakata baada-ya. Aliijua kazi hii kuliko alivyoijua nyumba yake, na kwa nusu saa uchovu ulimtoka. Walibaki na ajali-ya-moshi-kapyela-zimeta-kupuuza-onyo. Aliisoma kuelekea ukutani.

"Moshi wa Kapyela," Lugano akajibu kutoka upande wa pili, safari hii taratibu. "Zimeta walionywa, wakapuuza." Akaongeza jambo ambalo msikilizaji hakutakiwa kuongeza. "Nilisoma shule ile. Hatukuwahi kuambiwa hivyo."

"Ondoa Zimeta," Sekela akamwambia Anyosisye. "Itapungua silabi tatu."

"Ukiiondoa, nani alipuuza?"

Walikuwa wamefika chini kabisa, na chochote walichokata kutoka hapo kilikuwa kinairudisha kuwa ajali.

"Niache niiseme mimi," Anyosisye akasema.

Alisimama, akaweka viganja juu ya meza, akavuta pumzi kwa muda ambao Sekela aliuhisi kifuani mwake mwenyewe. "Ajali ya moshi Kapyela Zimeta ku..." Ikakatika. Alikohoa, akainua kidole kumwomba asimsaidie. Mara ya pili alifika palepale. Mara ya tatu alisema zimeta na midomo ikaendelea kutamka maneno mengine mawili bila sauti yoyote.

Akakaa.

"Nipe majina ya wale tisa," Sekela akasema.

Alimpa karatasi nyingine, iliyoandikwa kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyependa kuandika. Mzee Kasebele. Mama Tumpe wa bondeni. Mapacha wawili wa Mwambene. Sekela alishuka na kidole hadi chini, kisha akarudi juu akahesabu tena.

"Yako manane, Anyosisye."

"Wa tisa unamjua," akasema.

Sekela aliwahi kuwasikia watu wakilia katika chumba kile, wajane waliotaka majina ya waume zao yabaki kwenye anwani hata kama ni marefu, na alikuwa na namna yake ya kuwasubiri wamalize. Safari hii ni yeye aliyetakiwa kusubiriwa. Anyosisye alitazama dirishani mpaka Sekela alipojifuta machozi.

"Wanane wenzako wanajua umekuja kuniomba nini?"

"Tulipiga kura. Mama Tumpe ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Mjukuu wake ameanza darasa la kwanza. Palepale, mita mia mbili." Akavuta pumzi. "Tunajua tunachokuomba, mama. Usifikiri hatujui."

*

Alhamisi asubuhi mkuu wa ofisi alimwita. Gwamaka alikuwa mdogo kwa Sekela kwa miaka ishirini, na alimheshimu kwa dhati, jambo lililomfanya awe mgumu zaidi kukasirikiwa. Alifunga mlango mwenyewe.

"Nimeona umelifungua faili la Kapyela, mama."

"Nimelifungua."

"Siwezi kukuzuia. Sheria ni yako. Nataka tu unieleze, ukishapiga muhuri, Jumamosi asubuhi wale tisa niliosikia hawawezi kuisema wanafanyaje?"

"Na nisipopiga, wale watoto wa shule wanafanyaje?"

"Hao hawajaugua bado. Labda safari hii Zimeta watasikia onyo." Alisema bila kuamini, na aliona kwamba Sekela ameona. Akaketi pembeni ya meza yake. "Mimi sijui lipi ni sahihi. Nakwambia ukweli, nimeshukuru Mungu kwamba si mkono wangu. Lakini ukiiacha ilivyo, hakuna mtu atakayekulaumu. Ukiibadilisha, wataanza kufa watu wenye majina, na wewe utakuwa Kyela umekaa kwenye joto lako. Sisi ndio tutakaopita pale zahanati kila siku."

Sekela alitaka kukasirika akakuta hana nguvu za kukasirika. Kijana yule alikuwa amesema kitu cha kweli bila kukusudia. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa mbali na anwani ile, akiipita kwenye nguzo bila kujua ni yake, na sasa alikuwa anataka kuirekebisha na kuondoka tena. Alirudi mezani kwake. Vichwa tisini vilikuwa vinamngoja, na alivisafisha vyote mpaka cha mwisho, kwa sababu idara ya maji nayo ilikuwa na haki zake.

Jioni alimpigia Tusekile.

"Chumba kile umpe mtu mwingine."

"Kuna nini? Wamekuongezea mkataba?"

"Hapana. Nabaki tu."

"Wewe si umechoka? Kila siku unaniambia umechoka."

"Nimechoka, Tuse. Nimechoka sana."

"Nimepaka hata rangi," mdogo wake akasema. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mambo mengine yote ya wiki ile, na alipoweka simu alikaa na viatu miguuni mpaka chai ikapoa.

Ijumaa saa tano na nusu aliisoma anwani mpya kuelekea ukutani kwa mara ya mwisho. Lugano alijibu alivyojibu mwanzo, neno kwa neno. Sekela akaandika namba yake, mia nne kumi na saba, akabonyeza muhuri. Kwenye kioo chake anwani ya zamani iligeuka kijivu, na saa sita kasoro dakika tano taarifa ikaingia kutoka Bodi ya Vibali: maombi ya Zimeta yamesimamishwa hadi mashahidi wasikilizwe. Lugano alitoka upande wake wa ukuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi, akampa mkono.

*

Jumamosi kulikuwa na ukungu, na foleni ya zahanati ilikuwa imeshafika getini. Sekela alisimama kando akawasikiliza arobaini na tisa wakipita mmoja mmoja. Waliisema anwani mpya kwa tahadhari, wengine wakiwa wamefumba macho. Mama mmoja alimaliza akabaki ameshikilia nguzo, akitabasamu peke yake. Kijidirisha kilifunguka mara arobaini na tisa.

Wale tisa walikuwa kwenye benchi, wamejifunika mablanketi. Hawakuja kwa matumaini. Walikuja kwa sababu ni asubuhi na kila asubuhi walikuja. Anyosisye alikuwa mwisho wa benchi, na alipomwona Sekela akielekea kwenye nguzo alijaribu kusimama.

"Mama, wewe si unasafiri?"

"Kaa," akamwambia. "Usipoteze pumzi."

Akaiambia nguzo kwamba anataka kuandikishwa mbeba sauti. Ikamuuliza kama anaelewa masharti, na akajibu anaelewa. Ikamuuliza jina la mgonjwa. Alianza na Mama Tumpe wa bondeni, kwa sababu ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

"Uhusiano wako na mgonjwa?" ikauliza nguzo.

Alikuwa ameliwaza swali hili usiku kucha bila kulipatia jibu zuri, basi akasema lililokuwepo. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba waliomfia walikufa kwa ajali, nikapewa chupa ya chai."

Ndani ya nguzo kulikuwa na Kichujio, ndugu wa kile cha mezani kwake, na alijua kinafanya nini katika ule ukimya mfupi. Kinashusha, kinafagia, kinatupa maneno mepesi.

"Nimeandika: mlezi," ikasema nguzo. "Ni sahihi?"

Neno lilikuwa fupi, lilikuwa safi, lilikuwa linasemeka. Angesema ndiyo, kijidirisha kingefunguka, na wagonjwa wengine wanane walikuwa wakingoja kwenye baridi. Mapacha wa Mwambene walikuwa wakimtazama. Miguu ilimuuma.

"Si sahihi," akasema.

"Tafadhali eleza kwa ufupi."

"Halifupishwi."

Kulikuwa na kifungu, na aliyekiandika alikuwa yeye mwenyewe katika ile kamati, kwamba msemaji akikataa muhtasari mara mbili, nguzo itaandika maneno yake yote yalivyo na itayasoma kila atakapofungua. Hakuna mtu aliyewahi kukitumia. Akayarudia maneno yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa pumzi moja. Nguzo ikayarudia yote kwa sauti yake tupu, foleni nzima ikisikia, kisha ikamwambia aseme anwani.

Akaisema. Kijidirisha kilifunguka, mvuke ukatoka, na Lugano, ambaye hakuna aliyemwomba aje, alimpelekea Mama Tumpe barakoa pale benchini. Mama Tumpe alivuta mara tatu, akainua mkono kutoka kwenye blanketi, akaushusha.

"Mgonjwa wa pili," ikasema nguzo. "Jina na uhusiano."

Itakuwa mara tisa kila asubuhi, kwa kadiri watakavyoishi, na maneno yale yale kila mara. Sekela alitazama hadi mwisho wa benchi, alikokuwa amekaa Anyosisye, akavuta pumzi, akaanza tena.